Kumshusha Baba Mkwe kwa Kigari cha Tabo

Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza kanisani, na juzi jirani yangu kanifuata hadi uani nikiwa nafua, akitaka kujua kioo cha gari kilikwenda wapi na kwa nini mlango wa nyuma umebonyea. Naandika mara moja tu. Someni, mpeane, kisha mniache. Habari za kufunga duka na kuombea watoto ruhusa shuleni naziruka.

Kigari chenyewe mnakijua. Kifupi, kimenyanyuka kidogo kama kilitaka kuwa jeep kikaishia njiani, injini yake ndogo ya petroli, na kwenye injini hiyo kuna tabo. Kwa asiyejua, tabo ni feni inayoisukumia injini hewa ili injini ndogo ifanye kazi ya kubwa. Ndivyo fundi Idrisa alivyonielezea. Asichonieleza ni kwamba ukikanyaga mafuta gari halifanyi kitu, linafikiri kwanza. Halafu linakurupuka kama limeumwa na siafu.

Mimi ni mwoga wa gari, sifichi. Naendesha kila siku kwa sababu Baba Lusekelo, mume wangu, ni dereva wa semi, yale malori ya trela, leo Ndola, kesho Lubumbashi, na vitenge havijipeleki dukani vyenyewe. Idrisa alinipa masharti: nikitoka mlimani nisizime ghafla, nikiache kingurume kipoe, nisikitilie mafuta ya kuokoteza, na ile filimbi ya tabo ikibadilika sauti, nisimame hapo hapo. Tangu siku ile sina amani. Wenzangu wanaendesha wakisikiliza redio, mimi naendesha nikisikiliza filimbi.

Sasa, asubuhi ile wifi yangu Atupele alipiga simu kutoka Ikinga, kwao milimani Ileje. Sauti ilikuwa imekauka.

"Wifi, baba hawezi. Tumbo. Zahanati wamesema apelekwe hospitali ya Vwawa leo leo, asipofika hatuna baba. Gari huku hakuna. Kaka hapatikani. Njoo na gari lako."

Hapo ndipo mjue uzito wake. Mimi ni Mnamwanga wa hapa hapa mjini Tunduma, lakini nimeolewa na Mndali, na wazee wa ukoo wao wameshika mila. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia shambani mpaka apite. Hamketi chumba kimoja, humtazami usoni, humsemeshi, na jina lake hulitamki, ndiyo maana hata humu sitaliandika. Tangu niolewe nilikuwa nimeona kofia yake, mgongo wake na fimbo yake. Leo naambiwa nikamtie kwenye kigari ambacho ukikaa mbele unasikia wa nyuma akimeza mate.

Nilikimbia kwa Idrisa nikamwomba aendeshe yeye. Alikuwa chini ya lori la mtu, amelifungua lote.

"Dada, hili siwezi kuliacha hivi. Na dereva mwingine simwamini na tabo ile," alisema. "Nenda mwenyewe. Taratibu."

Tunduma hadi Mpemba

Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa imetoka mpakani ikapita mjini na kuendelea. Kati ya trela na maduka kulikuwa na upenyo, nikaingia kwa sababu mbele yangu bajaji ilikuwa imeingia. Katikati ya upenyo trela moja likasogea. Kishindo kikawa kidogo tu, lakini nilipogeuka kioo changu cha kushoto kilikuwa chini, vipande vipande.

Dereva alishuka mbio. Alikuwa Mzambia, mnene, mpole mno.

"Sorry, mayo! Sorry, mayo!" alisema, akiniita mama kwa Kibemba, mikono kifuani. Alitaka tukae tuzungumze, amwite bosi wake, tuelewane.

Nikamwambia sina muda, nina mgonjwa milimani. Akasimama akifikiri, kisha akapanda kwenye kichwa cha lori na kushuka na katoni nzima ya maji ya chupa. "Ya mgonjwa," akasema, akaniwekea nyuma ya gari mwenyewe. Nilimshukuru mpaka nikaona aibu. Mngejua maji yale yangefanya nini, mngeniambia niyaache barabarani.

Mpemba hadi Isongole

Pale Mpemba unaiacha lami na kukata kwenda Ileje. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Barabara ya kifusi ilikuwa na mabonde kiasi kwamba mara nyingi niliendesha upande usio wangu, nikimwomba Mungu asije mtu. Nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Kila jiwe lililogonga chini nililihesabu kuwa ndilo limetoboa tanki la oili.

Isongole nilifika taa ya mafuta ikiwa imewaka. Kituo hakuna. Petroli unauziwa kwenye madumu, na nyingi inatoka ng'ambo, Malawi. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula alikuwa na madumu yake chini ya meza, karibu kabisa na masufuria. Nikamwomba niyanuse mafuta kwanza. Idrisa alinifundisha, mafuta yaliyochanganywa na ya taa yananuka tofauti.

Uso wake ukafunga. "Unanusa? Mimi mchakachuaji?"

"Hapana, mama, ni gari tu lina matatizo."

"Wanaume wote wa hapa wanatia mafuta yangu hawanusi. Nenda kanuse kwa wengine." Akarudi kwenye ndizi zake.

Wengine hawakuwepo. Nilisimama pale nikiwa karibu kulia, huku nikimwona yule mzee akifa kwa sababu ya pua yangu. Ndipo nikamweleza kila kitu: naenda Ikinga, kumchukua baba mkwe, mume yuko safarini, naendesha peke yangu.

Aliweka mwiko chini. "Mkweo? Wewe mwenyewe? Humo?" Akatoka, akakizunguka kigari, akachungulia kiti cha nyuma. Kwanza alicheka akashika magoti. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaanza kunionea huruma. "Mwanangu, hapo mtapumuliana shingoni."

Akanikalisha kwa nguvu. Nikala ndizi na maharage sikuhisi ladha, yeye akayachuja mafuta kwa kitambaa cheupe mbele ya macho yangu, taratibu, ili nione kuwa hakuna uchafu. Alipomaliza akaniuliza, "Una kitenge humo?" Nikamwambia mimi nauza vitenge. "Basi tundika pazia nyuma ya viti vya mbele. Na hicho kioo cha katikati kigeuze kitazame juu. Ukikiacha, utamwona hata usipotaka."

Isongole hadi Ikinga

Huko juu ndiko nilikojua kuogopa ni nini. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Kulia kwangu nikipanda kulikuwa na bonde, na ukungu ulikuwa umelijaza, hivyo sikuona chini ni wapi. Nilikuwa nimewahi kupita na Baba Lusekelo akiendesha, mimi nimefumba macho. Sasa nani angefumba?

Tabo ilipiga filimbi njia nzima, na kusema kweli ndiyo iliyonipandisha. Kigari cha kawaida cha ukubwa ule kingebaki nusu ya mlima. Lakini kwenye kila kona tope lilikuwa likinivuta. Nakanyaga, kimya. Nakanyaga tena, kimya. Halafu ghafla kinaruka na mkia unakwenda upande. Nilianza kuongea nacho kwa sauti kama mtu aliyerukwa na akili.

Nilipofika wifi alinipokea kwa kunisukuma nyuma ya jiko. "Jifiche, wanamtoa." Nikainama huko kichwa nimefunika, nikasikia wanaume wakimbeba kwa kiti. Niliacha injini ingurume ipoe, na kila aliyepita alipiga kelele, "Zima, unamaliza mafuta!" Hakuna aliyetaka kusikia habari za tabo.

Ubishi ukaanza. Mzee mmoja wa ukoo alisema haiwezekani, bora asubiriwe dereva mwanamume. Atupele akamjibu, "Dereva huyo anatoka wapi, baba mdogo? Mbinguni?" Nikamwita Atupele, nikamweleza habari ya pazia. Kisha nikasikia kitenge kikifungwa kwenye vishikio vya juu ya milango, pindo kwa pindo. Mama mkwe akaingia nyuma, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani. Nikaitwa. Niliingia kinyumenyume, nikakigeuza kioo cha katikati kitazame paa, nikakaa. Nyuma ya shingo yangu mzee alikuwa anahema kwa shida.

Nilimuuliza mama mkwe mzee anaumwa nini hasa.

"Tumbo," alisema.

"Anaharisha?"

"Tumbo tu, mwanangu. Twende."

Kushuka

Mimi kwa akili yangu tumbo ni kuharisha, na anayeharisha anahitaji maji. Nikamwambia mama mkwe, "Kuna maji nyuma hapo. Mpe anywe, asije akakaukiwa." Kukawa na kunong'onezana kwa Kindali. Kisha nikasikia chupa ikifunguliwa na mzee akimeza, polepole. Baada ya muda alianza kuguna. Mimi nikazidi kuogopa. "Mwongeze, mama." Akaongezwa. Kila alipoguna nilimtumia maji, na kila nilipoyatuma aliyanywa.

Tulikuwa tumeshuka kipande kirefu nilipolisikia lori kabla sijaliona. Lilikuwa linapanda, limejaa magunia, linakoroma, matairi yanarusha tope. Dereva akapiga honi na kutoa mkono dirishani akiusukuma hewani: rudi, rudi! Haki ilikuwa yake. Lori lenye mzigo likisimama kwenye tope la mlima haliondoki tena, na likianza kuserereka hakuna wa kulizuia. Mdogo ndiye anayepisha.

Pa kupishana tulikuwa tumepapita nyuma kidogo, kwenye kona. Maana yake nirudi kinyumenyume, kupanda, kwenye tope, na bonde sasa liko kushoto. Kioo cha kushoto kilibaki Tunduma. Cha kulia kilinionyesha ukuta wa udongo, basi. Cha katikati kilitazama paa. Na kugeuza shingo sikuruhusiwa, na hata ningeigeuza, nyuma yake kulikuwa na kitenge.

"Mama," nikasema, "nitazamie njia."

"Haya. Njoo."

Nikaweka rivasi. Nikakanyaga, kimya.

"Njoo huku," akasema mama mkwe.

"Huku wapi?"

"Huku! Huku ninakoonyesha!"

Alikuwa ananyoosha kidole nyuma ya pazia, maskini. Nikakanyaga zaidi, na hapo tabo ikaamka. Kigari kiliruka kinyumenyume, mkia ukaenda kushoto, nikahisi tairi la nyuma likishuka mahali pasipo na kitu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mawe yalianza kuporomoka kutoka chini yetu. Niliyasikia yakigonga, yakigonga, kisha sikuyasikia tena. Lori liliendelea kuja. Mama mkwe alianza kuomba kwa Kindali. Niliwaza watoto wangu. Niliwaza watakaotuokota watatukuta na pazia.

"Mama Lusekelo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nyembamba kwa maumivu. Sikuwahi kuisikia ikinielekea mimi.

"Geuka utazame njia. Mimi nimefumba macho."

Mama mkwe akashtuka. "We mzee!"

"Toa hiyo nguo. Toa! Mwiko gani kwenye korongo? Mtoto aone anakokwenda."

Kitenge kikashuka. Nikageuka.

Alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote, kama mtoto anayesubiri sindano. Jasho lilikuwa linamtiririka, midomo ameibana, mkono mmoja ameuweka juu ya paji la uso kama anaogopa macho yatafunguka yenyewe. Sikutaka kumtazama na nilimtazama. Kisha nikatazama juu yake, kwenye dirisha la nyuma, nikaiona barabara yote, na nikaona tulivyokuwa tumeinamia bonde.

Nikakata usukani. Safari hii sikukibembeleza. Nilikanyaga na kuendelea kukanyaga, filimbi ikaja, nikaishikilia hapo hapo isizidi wala isipungue. Tairi likakuna, likakuna, likapanda. Mlango wa nyuma wa upande wa pili ukajibamiza kwenye ukuta wa udongo, na ndiyo hapo palipobonyea, jirani yangu. Tukaingia kwenye ile nafasi ya kona. Lori likapita karibu mno, dereva wake akipunga mkono na kucheka kama tumetoka harusini.

"Nimemaliza, baba," nikasema.

"Haya. Mama, rudisha pazia."

Mpaka likarudishwa hakufumbua macho. Nililia kimya kimya hadi Isongole. Mama wa madumu alikuwa mlangoni, akatupungia, sikuweza hata kusimama. Na nikamwambia mama mkwe ampe mzee maji mengine, maana alikuwa sasa analia kama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Mpemba hadi Vwawa

Kwenye lami nilikimbiza. Mimi, ninayepitwa na baiskeli, niliyapita malori mawili kwa mkupuo. Nyuma mlio wa mzee ulikuwa umebadilika, umekuwa mfupi, na mara nyingine haupo kabisa. Nilikuwa nauliza, "Mama, anapumua?" na mama mkwe anajibu, "Anapumua," kwa sauti inayozidi kupungua.

Hospitali walimpokea kwa machela. Nilisimama mbali, nimegeukia ukuta. Nesi, binti mdogo mwenye sauti kubwa, aliuliza mgonjwa ana nini. Mama mkwe akamnong'oneza. Nesi hakujua kunong'ona.

"Mkojo umeziba tangu juzi? Na kibofu kimejaa hivi? Nani kampa maji yote haya?"

"Mkwe wetu," alisema mama mkwe.

"Sasa kwa nini hamkumwambia kwamba hakojoi?"

"Tungemwambiaje mkamwana jambo kama hilo?"

"Basi mzee angekataa kunywa!"

"Yametoka mkononi mwa mkwe," alisema mama mkwe. "Angekataaje?"

Wakamwingiza ndani. Niliketi kwenye benchi la korido nikiwa na hofu ambayo hata kule kwenye bonde sikuwa nayo, kwa sababu kule lingetuua tope, na hapa ningekuwa nimemuua mimi, chupa kwa chupa, na yeye akinywa kwa heshima. Nilirudia kusema "Bwana, nisamehe" hadi mwanamke aliyekuwa karibu nami akasogea mbali kidogo. Ndani nilisikia vyombo, nikasikia daktari akisema neno, kisha nikasikia mzee akipiga yowe moja. Halafu kimya. Nilitaka kukimbia, nichukue gari niende hadi kusikojulikana.

Nesi alitoka anajifuta mikono. "Mpira wa kutolea mkojo umeingia. Mkojo umetoka ndoo nzima. Amelala. Watampasua akipata nguvu, lakini amewahi."

Mama mkwe alikaa chini sakafuni. Mimi niliinuka, nikashika ukuta.

Ndipo simu ikalia. Namba ya Zambia. Baba Lusekelo alikuwa amepata mtandao, na ujumbe wote wa Atupele ulimfikia kwa pamoja.

"Mama Lusekelo, baba?"

"Yu hai. Amelala. Tuko Vwawa."

Akashusha pumzi ndefu. "Nani kamleta?"

"Mimi."

"Mlikaaje?"

Nikamwambia. Pazia, kioo, lori, bonde, maji. Niliyasema yote haraka, kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea. Mwisho nikasema, "Na nilimtazama. Uso mzima. Yeye alifumba, lakini mimi nilimwona."

Nilingoja anigombeze. Nilingoja aniambie nimewatia aibu, ukoo utakaa kikao, atakwenda kuomba radhi akiwa na mnyama wa faini. Nilikuwa nasikia injini ya semi yake ikinguruma upande wa pili, na watu wakiongea Kibemba. Kila safari mume wangu anapita ile njia panda ya Mpemba akiwa na mzigo wa watu unaosubiriwa, na kila safari anasema atakata kwenda kumwona mzee akirudi, wala hakati.

"Amezeeka sana?" akauliza.

Nilichungulia mlango wa wodi. Ulikuwa umefungwa. Nikarudi kwenye benchi, nikajifunika kichwa, nikaanza kumweleza mtu uso wa baba yake.

"Nywele zote ni nyeupe," nikamwambia.

"Endelea," akasema.